Kuhubiri Barafu Mbele ya Baba Mkwe

Kwa miaka kadhaa watu wa Tukuyu waliniita mwalimu wa barafu, na hawakuniita hivyo kwa kunisifu. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila aliyekuwa na kitu alikuwa anakiuza, walimu tulikuwa tunauza maandazi wakati wa mapumziko na tuisheni jioni, na wafadhili walikuwa wanashuka Rungwe na miradi ya kila namna: ng'ombe wa maziwa, nyuki, vyoo, mabwawa ya samaki. Mradi wetu sisi ulikuwa barafu.

Aliyeuleta alikuwa mama mmoja wa Kizungu, mtafiti mstaafu aliyetumia nusu ya maisha yake huko Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia, akipima unene wa bahari iliyoganda. Alipostaafu aliona kwamba watoto wa nchi za joto nao wanastahili kujua habari za huko. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba Tukuyu si nchi ya joto. Alifika mwezi wa sita na magauni ya mikono mifupi, akatetemeka wiki nzima kwenye ukungu na manyunyu, mpaka nikamwazima sweta langu la mtumba. Mtu aliyelala miaka yote hiyo juu ya barafu alikuwa ameshindwa na Juni yetu. Nilimcheka waziwazi, naye akacheka, na ndivyo tulivyojuana.

Hakutaka kuhutubia yeye mwenyewe. Alisema watoto wakimwona yeye watatazama pua yake badala ya picha. Alitaka walimu wa hapahapa wafundishwe kusimama na kueleza, kwa Kiswahili, kwa mifano yao wenyewe. Akaitisha semina mjini. Siku ya kwanza ukumbi ulifurika. Siku ya pili, baada ya watu kuhakikisha kwamba posho haipo na kinachotolewa ni chai na mkate, tulibaki wachache. Mwisho wa wiki tulibaki wawili: mimi, mwalimu wa jiografia, na mwenzangu wa shule hiyohiyo, mwalimu wa Kiingereza aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga. Huyo alikuwa na sauti nzuri mno na kichwa kisichokuwa na kitu. Alidhani dubu mweupe ni dubu aliyezeeka.

Mimi nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini, na mpaka siku hizo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna jambo nafanya vizuri mbele za watu. Yule mama aliniambia. Alinifundisha pa kupumua, pa kunyamaza, pa kumwachia msikilizaji nafasi ya kuogopa kidogo. Nikaanza kuamka asubuhi nikiwa tayari nina maneno mdomoni. Halafu akatuambia mpango wake: tutatoa mihadhara mitatu ya hadhara, mmoja Msasani ya hapahapa Tukuyu, mmoja Suma, mmoja Lupepo. Msemaji mkuu nitakuwa mimi, mwenzangu atashika mashine ya picha na kuwa akiba yangu. Nikiimaliza vizuri, kiangazi cha kwao kijacho nitapanda meli ya watafiti, nikaione barafu kwa macho yangu, nirudi niwe msemaji wa mradi kwa mkoa mzima. Nikishindwa, atakwenda akiba. Niliitaka safari ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, ndoa yangu ikiwemo.

Sasa lazima nieleze habari za baba mkwe.

Kwetu Unyakyusa, mwanamke aliyeolewa haonani na baba wa mume wake. Hakai naye chumba kimoja, hali naye, hatamki jina lake. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia, anaingia migombani na kugeuza mgongo mpaka mzee apite. Mzee naye ana wajibu wake: akikaribia mahali anapohisi mkwe wake yupo, anakohoa, ili mwanamke apate nafasi ya kuondoka. Wenzangu wengi wa mjini walikuwa wameshaanza kuyaacha hayo, wakisalimiana na wakwe zao kwa mkono kama watu wa kwenye magazeti. Nyumba niliyoolewa mimi haikuwa hivyo. Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa chai, mtu wa maneno machache, na hata Mungu tulimgawana: mimi nilisali ibada ya kwanza, yeye ya pili. Nilikuwa na watoto wawili kwa mwanawe, na sura yake sikuwa naijua. Nilichokijua ni viatu vyake na kikohozi chake.

Mume wangu, ambaye alikuwa bwana shamba na mpole kupita kiasi, alimpelekea baba yake habari za mihadhara. Nilimuuliza mzee amesema nini. Akasema mzee hakukataza. Alisema tu kwamba kama mambo yenyewe ni ya shule, na yeye ni mzazi, atakwenda.

"Atakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Kusikiliza."

"Na mimi nitasemaje akiwepo?"

Mume wangu akakuna kidevu. Alikuwa na namna ya kukuna kidevu ambayo mpaka leo nikiiona kwa mwanaume mwingine natamani kumtupia kitu.

Pale Msasani tulifunika madirisha ya darasa kwa mablanketi. Watoto walikaa sakafuni, wazazi nyuma, wengine wamekuja kwa kuwa walisikia kwamba watu wa barafu watagawa majokofu. Nilisimama mbele. Sauti ilitoka. Nikawaambia wafikirie mvua ya mawe ile inayopasua majani ya migomba, kisha wafikirie kwamba imeanguka na haitaki kuyeyuka, leo wala kesho wala mwakani, na nyingine inaanguka juu yake. Darasa lilitulia. Hata wale wa majokofu walinyamaza. Nilikuwa nimewashika, na mtu akishawashika watu mara moja hawezi kusahau inavyokuwa.

Nje ya mlango nikasikia kikohozi.

Akili yangu ilikuwa bado haijaamua kitu wakati miguu imeshaamua. Nilikuwa mtoto wa kike niliyefundishwa kukimbia kikohozi tangu kabla sijajua kitakuwa cha nani. Niliutupa ule ujiti wa kuonyeshea picha, nikapita mlango wa pili, nikajikuta nimesimama nyuma ya vyoo vya wavulana nimeupa ukuta uso. Nilimsikia mwenzangu akiendelea. Aliwaambia watoto kwamba Aktiki ni mkoa wa Ulaya.

Yule mama alidhani nimeugua tumbo. Nikamwacha adhani hivyo.

Suma ndiko nilikozaliwa. Huko walikuja shangazi zangu, wajomba, watu niliochuma nao chai utotoni, na mama yangu mzazi akiwa amevaa kitenge chake cha Krismasi. Kutoka kwa baba mkwe mpaka Suma ni mwendo wa kumchosha kijana. Nikajiambia mzee hawezi. Nikaanza, nikafika kwenye picha ya pili, nikauona mlangoni mwavuli mweusi, chini yake viatu ninavyovijua, vimejaa tope mpaka kwenye visigino. Akakohoa. Safari hii nilitoka kwa dirisha, mbele ya ukoo wangu wote.

Nilimkuta mama yangu baadaye nyumbani kwake. Nilitarajia anionee huruma. Alinishika mikono yote miwili, macho yamemlenga machozi ya furaha.

"Ndaga, asante mwanangu," akasema. "Wote wameona nilivyokulea."

Siku hiyo ndipo nilipoanza kumchukia yule mzee kwa dhati. Kabla ya hapo nilimwogopa, na woga unachosha. Chuki ilinipa nguvu. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikasahihisha nayo madaftari. Nilikuwa na hakika kabisa ya alichokuwa anafanya: hakuwa na haja ya kunikataza, kwa kuwa kama angenikataza, mume wangu angeweza, kwa bahati, kujitutumua na kumbishia. Alichohitaji ni kuwepo tu. Akifika, mimi najifukuza mwenyewe, na yeye anabaki mzee wa heshima aliyekwenda kusikiliza habari za elimu.

Ilibidi nimweleze yule mama wa Kizungu ukweli. Alinisikiliza vizuri, akauliza kama mzee amewahi kusema nisihutubie. Nikasema hapana. Akauliza, basi anayenizuia ni nani. Jibu nililokuwa nalo halikuingia kwenye Kiingereza. Akaniambia kwa upole kwamba anaheshimu mila za watu, lakini hawezi kumpeleka melini msemaji anayetoroka. Umebaki mhadhara wa Lupepo, akasema, na Lupepo ndio mwisho.

Lupepo ndiko kwa baba mkwe mwenyewe. Ukumbi ni wa kanisa lake. Hapakuwa na swali kama atakuja.

Nilifikiri kwa siku nyingi, na nilichokipata nilikiona cha akili sana. Picha zilikuwa zinaoneshwa kwenye shuka jeupe lililofungwa kwa kamba. Nikaomba shuka lifungwe katikati ya jukwaa, kutoka ukuta mpaka karibu na ukuta, nami nikae nyuma yake. Picha zingeonekana pande zote mbili. Watu wangeona barafu na kunisikia, na mimi nisingemwona mtu wala mtu asingeniona. Nilimuuliza mume wangu kama ni kosa. Alikuna kidevu, akasema anadhani shuka ni kama ukuta.

Basi nikahutubia nyuma ya shuka, Jumapili baada ya ibada, mvua ikipiga bati. Nilisikia kikohozi wakati anaingia, nikasikia watu wakimpisha mbele, nikasikia kiti kikilalamika alipokikalia. Sikutoka. Nikaanza. Nawaambia kweli, sijawahi kusema vile tena. Nilikuwa naziona picha kinyume, dubu anayekwenda kulia, kwangu alikuwa anakwenda kushoto, mwanga umenijaa usoni, na kwa kuwa sikuona sura ya mtu hata mmoja, woga ulinitoka wote. Niliwaeleza bahari inavyoanza kuganda, kama mafuta kwanza, halafu kama ngozi, halafu kama sakafu. Niliwaeleza mwindaji anavyosimama juu ya tundu la barafu kumngojea sili, mnyama wa bahari ile, apande kupumua, anavyosimama bila kujikuna, bila kumeza mate, saa baada ya saa. Ukumbi mzima uliacha kujikuna. Nilisikia mvua tu.

Ndipo akakohoa.

Nikaendelea. Akakohoa tena, na kiti kikaburuzwa kwenye saruji. Nikadhani anaondoka, moyo wangu ukaruka kwa furaha. Lakini kile kiti kilikuwa kinakuja. Kiliburuzwa, kikatulia, mzee akakohoa, kikaburuzwa tena, kikielekea pembeni, pale shuka lilipoachana na ukuta. Nikaviona chini ya pindo viatu vya kanisani vyeusi, vimepigwa rangi, na miguu minne ya kiti. Alikuwa anazunguka. Alikuwa anakuja upande wangu.

Nyuma yangu palikuwa na mlango mdogo wa kutokea kwenye shamba la mchungaji. Nikatokea hapo. Kiatu kimoja kilibaki, na gauni lilinasa kwenye msumari likapasuka mpaka kiunoni. Watoto waliokuwa wamebanana nje, kwenye dirisha la upande ule, waliniona vizuri sana. Kicheko chao nilikisikia mpaka nilipofika barabarani. Ndani, mwenzangu alikuwa ameshaokota ujiti.

Yule mama hakuwa mkatili. Alikuja nyumbani kuniaga, akanikumbatia, akanirudishia sweta langu limefuliwa na kukunjwa vizuri. Mwenzangu alikwenda. Aliporudi alikuwa na picha yake amevaa koti la rangi ya machungwa, amesimama juu ya weupe usiokuwa na mwisho, meno yote nje. Aliitundika ofisini kwa walimu, juu ya meza yangu, kwa kuwa ukuta ule ndio uliokuwa mkavu. Akazunguka mkoa mzima akihutubia kwa maneno yangu. Mvua ya mawe ilikuwa yangu, sakafu na ngozi na mafuta vilikuwa vyangu, hata pale pa kunyamaza aliponyamaza palikuwa pangu. Watu walimpenda. Baadaye aliacha ualimu, akafungua kituo cha tuisheni Mbeya mjini, na nasikia alijenga.

Mimi niliendelea na jiografia ya kidato cha pili. Nikifika kwenye Aktiki niliwaambia wanafunzi wasome wenyewe.

Miaka ikapita. Mama mkwe akafariki, shemeji zangu wakatawanyika kutafuta maisha, na baba mkwe akaletwa kwetu. Mume wangu alimjengea chumba nyuma ya nyumba, kina mlango wake. Nilipika, binti yangu akampelekea. Ikitokea anapita uani kwenda kuota jua, anakohoa, na mimi naacha sufuria motoni naingia ndani. Nilikuwa nafukuzwa kwenye jiko langu mwenyewe na mtu ninayemlisha. Sikulalamika. Nilimpikia vizuri, kwa kuwa sikutaka mtu aseme, na sikumtumia salamu hata moja ambayo mila haikunilazimisha.

Kisha miguu yake ikavimba, hospitali wakamrudisha nyumbani wakisema apumzike. Wote tulielewa maana yake. Asubuhi moja nilikuwa namenya ndizi, mume wangu akasimama mlangoni.

"Baba ana swali kwako."

Katika maisha yangu yote ya ndoa baba hakuwahi kuwa na swali kwangu. Nikaendelea kumenya.

"Anauliza, huko kwenye barafu, ardhi ikiwa imeganda kama jiwe, mtu akifa wanamzikaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Yule mama alikuwa na picha yake, kaburi la rundo la mawe juu ya mwamba na bahari nyuma, nami niliipenda kuliko zote. Nilikuwa nimeitayarishia maneno ambayo sikuwahi kufika mahali pa kuyasema. Yangechukua muda mfupi kuliko kumenya mkungu.

"Mwambie mila hainiruhusu kusema naye," nikajibu.

"Si utaniambia mimi, nikamwambie."

"Mwambie mila."

Akaenda, akarudi. Safari hii hakukuna kidevu. Alisema mzee anaomba. Anasema alitaka kuyasikia mambo yale tangu mwanzo. Msasani alikwenda kwa miguu, Suma alikwenda kwa miguu na akaugua magoti mwezi mzima, na kila mara alipofika nilikuwa nakimbia, akabaki na yule mwalimu mwingine ambaye hakumwelewa hata kidogo. Alingoja niseme nikiwa nimejificha mahali, kama wanavyofanya wake wengine wenye akili, na Lupepo alipoliona shuka alifurahi. Lakini masikio yalikuwa yameanza kumtupa. Nyuma ya shuka alisikia mnong'ono tu, na watu wote pembeni yake wamekaa wameduwaa. Akasogeza kiti apate kusikia. Alikuwa ameinamisha macho. Alikohoa kila hatua, kwa adabu, ili nijue anasogea nami nimgeuzie mgongo, niendelee.

Mume wangu aliyasema yote hayo kwa sauti ya chini, kama mtoto anayekariri. Kisu kilikuwa mkononi mwangu na utomvu wa ndizi unanikauka kwenye vidole.

Sikuamini. Mpaka leo sijui kama naamini. Lakini nasema ukweli wangu: nilipowaza kwamba huenda ni kweli, hasira yangu haikupungua, iliongezeka. Mzee mchokozi aliyeninyang'anya meli nilikuwa nimemzoea, nilikuwa nimeishi naye miaka yote ile, nilijua namna ya kumbeba. Mzee aliyetembea kwenye tope mpaka Suma kwa kuwa alitaka kunisikia, huyo sikuweza kumbeba. Kama ndivyo, basi sikunyang'anywa na mtu. Nilinyang'anywa na kikohozi cha heshima na miguu ya mtoto aliyelelewa vizuri. Sikuwa tayari kuambiwa hivyo na mtu anayekufa.

"Mwambie nimesikia," nikasema. "Na mwambie mila ni ileile."

Aliuliza tena kesho yake. Na keshokutwa. Halafu hakuuliza tena, na siku ya soko akafariki.

Watu walikuja kutoka kila upande. Vijana walichimba kaburi migombani, karibu na mkewe, na kwa udongo wetu ule mweusi mlaini kazi iliisha mapema, wakakaa kuvuta sigara. Wakati wa kuaga nami nilipanga mstari kama wengine, kwa kuwa mila haimzuii mtu kumtazama marehemu. Nilisimama juu ya jeneza nikamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na sura ya mume wangu, imezeeka tu. Nilikuwa nimelala na sura ile miaka yote.

Wageni walipokwisha kutawanyika, mume wangu alinikuta nakosha vyombo vya msiba. Macho yake yalikuwa mekundu. Akakaa kwenye kigoda.

"Sasa niambie mimi," akasema. "Wanawazikaje?"

Nikasuuza sufuria, nikaifudikiza.

"Kamuulize aliyekwenda."